Mwalimu Kufuli na Kompyuta Sitini

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitinda mimba wa marehemu. Nimeombwa nisome wasifu wake. Tangu Jumanne machozi hayajaja, msinishangae. Nitasoma tu.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 11 Juni 1956, mtoto wa tano wa fundi cherehani. Alianza shule akiwa na miaka minane. Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha hesabu, na siku ya zamu yake kilimponyoka kikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Alifukuzwa muhula mzima. Aliporudi, hakushika tena kitu cha shule bila kufuta mikono kwanza kwenye kaptula.

Alihitimu ualimu mwaka 1978, akamuoa mama mwaka 1981. Mama anasema alipokuja kuchumbia alifunga baiskeli yake kwa makufuli mawili. "Nikamwambia, baiskeli yenyewe hoi, nani atajisumbua kuiiba? Akacheka, lakini hakufungua hata moja." Mwaka 1998 alipandishwa kuwa mwalimu mkuu.

Februari 2008 shule yake ililetewa kompyuta ndogo sitini, zile za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Moja kwa kila mtoto wa darasa la tano. Mimi nilikuwa darasa la tano, namba kumi na saba kwenye orodha. Baba alizipokea, akaziingiza stoo, akapiga kufuli. "Zikiharibika nani atajibu?" aliwauliza walimu. Kila Ijumaa alipangusa vumbi kwenye maboksi. Wakaguzi wakija, alizitoa wakaziona, kisha zikarudi ndani. Ndipo watoto wakaanza kumwita Mwalimu Kufuli, na mimi Binti Kufuli. Nilimaliza la saba bila kugusa hata moja.

Stoo ilifunguliwa mwaka 2012. Betri zote zilikuwa zimekufa kwa kukaa bila kazi, na nyaya nyingi zilishaliwa na panya. Mwalimu wa darasa letu alikuwepo. Anasema baba alikaa juu ya boksi akasema, "Nimewaibia watoto wa watu." Baba mwenyewe alituagiza kwamba siku yake ikifika hilo lisomwe bila kupunguzwa. Nimelisoma.

Alikwenda kujifunza kwa fundi redio wa mtaani, yeye mtu mzima wa miaka hamsini na sita, kwenye kigoda, bisibisi mkononi. Waliziunganisha kompyuta moja kwa moja na umeme, bila betri. Thelathini na nane zilipona. Kisha akaung'oa mlango wa stoo, akapanga madawati. Alistaafu mwaka 2016 lakini kila siku saa mbili asubuhi alikuwa humo. Siku moja mtoto alimwaga chupa nzima ya maji juu ya vitufe. Akaanza kulia. Baba akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Usilie mwanangu. Angalau hii imeharibika ikiwa kazini." Akamhamishia kwenye nyingine.

Mimi sikuwahi kuingia humo. Kila likizo aliniambia, "Kumi na saba yako ilipona, njoo basi." Nilimjibu nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa na hasira.

Januari 2023 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulipooza, ulimi ukawa mzito. Wiki yake ya mwisho hospitalini aliniuliza neno moja: "Umeigusa?" Nikamwambia, "Baba, pumzika kwanza." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba, saa kumi jioni.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, na fundi redio, ambaye ameomba naye atajwe.

Wasifu huu nimeuandika jana asubuhi, kwenye chumba kile kisicho na mlango, kwenye kompyuta namba kumi na saba. Vitufe vyake ni vidogo, ni vya vidole vya mtoto. Nilikuwa nakosea kila mstari, nafuta, naanza tena.

Pumzika sasa, baba. Nimeigusa.