Boti ya Jeti Inauzwa Kipili

KRISTIANA: Haloo! Nani mwenzangu?

VICENT: Mama, mimi. Shikamoo.

KRISTIANA: Marahaba. Mimi nani? Namba siijui.

VICENT: Vicent, mama. Simu ya mshikaji, yangu imezima. Za hapo Kasense?

KRISTIANA: Nzuri, naanika ulezi, upepo ndio unanichosha. Shangazi yako hajambo? Mpe simu nimsalimie.

VICENT: Mama... siko Namanyere.

KRISTIANA: Si uliniaga unakwenda—

VICENT: Nilipita tu. Nimeteremka mpaka Kipili.

[Kishindo cha ungo ukiwekwa chini.]

KRISTIANA: Kufanya nini?

VICENT: Kuna boti inauzwa. Ya jeti. Kama... kama ile.

[Mtandao unakwaruza.]

VICENT: Mama? Haloo?

KRISTIANA: Nipo.

VICENT: Usikate, nisikilize. Huku vijijini hakuna barabara, mama. Wajawazito wanapelekwa hospitali kwa mtumbwi, wanachelewa. Hii ingewafikisha—

KRISTIANA: Maneno hayo hayo baba yako aliniambia, amekaa jikoni kwangu.

VICENT: Najua.

KRISTIANA: Sasa umenipigia nikubariki au nikukataze?

VICENT: Unisaidie kuikagua. Ya baba uliijua mpaka utumbo, mimi nilikuwa mdogo. Na huyu mwenye boti, Theodory, ananiharakisha, eti kuna mteja anatoka Kasanga. Anataka aiwashe hapa mchangani nisikie mlio—

KRISTIANA: Asiwashe! Mwambie aache!

VICENT: Bro! Bro, subiri kwanza! ...Kaacha. Kwani vipi?

KRISTIANA: Hiyo inanyonya maji tumboni inayatupa nyuma, ndiyo inavyokwenda. Ukiiwasha pakavu unaunguza mipira ya ndani. Mwenye boti ama hajui, ama amekuona mshamba wa huku juu. Shika injini. Imepoa?

VICENT: Vuguvugu.

KRISTIANA: Basi ameshaiwasha kabla hujafika, labda anaficha kuwa haiwaki ikipoa. Muulize kwa nini.

VICENT: Anasema... anasema asubuhi alikuwa nayo majini, alimpeleka mtu kisiwani. Na mshikaji anasema kweli, alimwona.

KRISTIANA: Haya. Chomoa stiki ya oili.

VICENT: Nyeusi kidogo.

KRISTIANA: Haina weupe? Kama chai ya maziwa?

VICENT: Hapana. Hakuna maji humu.

KRISTIANA: Hakuna.

VICENT: Mbona kama umesikitika?

KRISTIANA: Lala chini uchungulie tumboni. Kuna chekeche la chuma. Pitisha kidole, ukaguse pangaboi la kusukuma maji.

VICENT: Ngoja... mchanga mpaka mdomoni. Nimeligusa. Linazunguka bila kukwama. Hapa ukingoni limetafunwa.

KRISTIANA: Limetafunwa sana?

VICENT: Kidogo tu, mama. Kidogo sana.

KRISTIANA: Gonga ubavu kwa ufunguo. Kote, hasa palipopakwa rangi mpya.

VICENT: Umejuaje kuna rangi mpya?

KRISTIANA: Nani anauza boti bila kuipaka rangi? Gonga. Palipooza patalia bubu.

VICENT: Unasikia? Panalia vizuri kote.

KRISTIANA: Gonga tena.

VICENT: Nimegonga, mama! Nzima. Theodory ananicheka, anauliza nimekuja kununua boti au chungu cha pombe.

KRISTIANA: Acha acheke. Ziwa likoje?

VICENT: Limetulia.

KRISTIANA: Vaa jaketi la kuokolea. Vaa nikisikia. Mwingie nayo majini. Na usinikatie simu.

VICENT: Salio la watu, ma—

KRISTIANA: Usinikatie, nimesema!

[Injini inawaka. Sauti zinapotea, zinarudi.]

VICENT: Inakwenda, mama! Inaruka!

KRISTIANA: Nani ameshika usukani?

VICENT: Mimi!

KRISTIANA: Mbele kuna kitu?

VICENT: Hakuna, peupe!

KRISTIANA: Achia mafuta yote, usitie hata kidogo. Kata kushoto.

VICENT: Naachia... nakata... Haikati! Mama, haikati! Inakwenda tu! Theo, usukani—

KRISTIANA: Tia mafuta! Kidogo, tia!

VICENT: ...Imekata. [Anahema.] Imekata. Mama, hii mbovu. Siinunui.

KRISTIANA: Si mbovu.

VICENT: Nakwambia usukani—

KRISTIANA: Zote ziko hivyo, mwanangu. Maji yakiacha kutoka nyuma, usukani hauna cha kugeuza.

[Injini inanguruma taratibu.]

VICENT: Baba alikuwa dereva wa trekta.

KRISTIANA: Tangu ujana wake. Trekta ukiona kitu mbele unaachia mafuta, linakusikiliza. Aliona mwamba, akafanya alichozoea; boti haikukata, ikamuua.

VICENT: Hukuwahi kuniambia.

KRISTIANA: Leonia, yule abiria aliyeokolewa siku ile, ndiye aliyenieleza. Mimi ningekwambia nini? Ulisema hutaki hata kusikia habari za boti, nikafurahi.

VICENT: Mama, unalia?

KRISTIANA: Naogopa, Vicent. Tangu uliposema Kipili naogopa. Nilikuwa naomba oili iwe nyeupe. Naomba mpaka sasa uniambie imepasuka mahali.

VICENT: Basi naiacha. Narudi nyumbani.

KRISTIANA: Utarudi, utanuna hapa mpaka mavuno mengine, halafu utakwenda kununua nyingine ambayo sikuikagua.

VICENT: Mama—

KRISTIANA: Mkifika ufukweni, funua sakafu, uangalie pale inapopita shafti. Pakiwa na maji, achana nayo. Pakiwa pakavu... inunue.

VICENT: Kweli?

KRISTIANA: Lakini usipakie mtu. Kesho nateremka. Nitapanda mimi kwanza.

VICENT: Wewe? Mama, wewe samaki huli, hata migebuka, tangu—

KRISTIANA: Tangu hapo, ndiyo. Nitakaa pembeni yako nikuone unavyoishika.

VICENT: Nitakupokea stendi. Mama, salio linaisha, linalia hapa—

KRISTIANA: Kuna baridi huko? Nikuletee swe—

VICENT: Joto tu, mama, usibebe ki—

[Simu inakatika.]

KRISTIANA: Vicent? Haloo? ...Mmeshafika ufukweni?