Anaeli Swai na Jina la Kwanza Daftarini

Wapendwa, Anaeli Heriel Swai alizaliwa tarehe 3 Februari 1963 huko Machame, Wilaya ya Hai. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1981. Mwaka 1986 alishuka Dar es Salaam, akauza mitumba Mchikichini hadi alipofungua duka la mashuka Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na Elibariki Swai, wakajaliwa binti mmoja, Nice.

Dukani alisaidiwa na kaka yake, Elimringi, mtu mpole aliyekuwa na kifafa. Kwao walilelewa wakiamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe utaanguka. Alhamisi ya tarehe 14 Aprili 1994, mvua ilipokatika, Elimringi alianguka mbele ya duka, uso ukaingia mtaroni. Wapagazi wawili walitua mizigo wakamkimbilia. Anaeli, mtoto mgongoni, akapiga kelele: “Msimguse! Mtaambukizwa!” Wakarudi nyuma. Maji ya mtaro hayakufika hata kifundo cha mguu, lakini yalitosha.

Anaeli mwenyewe aliagiza maneno hayo yasomwe leo kwenye mazishi yake, yasipunguzwe.

Baada ya mazishi ya Elimringi, muuguzi mmoja alimweleza kwamba kifafa hakiambukizi, na kwamba kidonge kila siku huenda kingemkinga kaka yake. Kuanzia mwaka 1996, kila Alhamisi, Anaeli aliwapa watu wenye kifafa wa Jangwani, Mchikichini na Feri dawa ya wiki nzima bure kwenye chumba cha nyuma ya duka, kwa dozi iliyoandikwa na zahanati ya jirani. Aliita majina kutoka daftarini. La kwanza lilikuwa Elimringi. Aliita, akatazama mlango, akasubiri. Kisha aliandika “hajafika”, akaendelea. Wageni walidhani mtu huyo amechelewa. Wenyeji waliinamisha vichwa.

Badria, mkaanga samaki wa Feri, mwenye makovu ya mafuta mikononi, alizoea kutaniwa na Anaeli.

“Meza nione.”

“Nimemeza, mama.”

“Panua mdomo. Wewe jana uliniuzia samaki wa juzi.”

“Na ukamla mzima!”

Figo zilianza kumsumbua Anaeli mwaka 2023. Wazee wa ukoo walitaka akifa azikwe kihambani, kwenye shamba la ukoo Machame, kama ilivyo desturi yetu. Akakataa.

“Mkinipandisha Machame, Alhamisi nani atafungua?”

“Tutafunga wiki moja tu, dada.”

“Wiki moja bila dawa, Badria anaangukia karai.”

Kisha akamshika Nice mkono: “Jina la mjomba wako usilifute. Ita, usubiri.”

Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na watu mia moja na kumi na wanne walioandikwa daftarini.

Leo ni Alhamisi. Tukitoka hapa makaburini, Nice atafungua chumba. Ataita jina la kwanza, atatazama mlango. Mungu ampe Anaeli pumziko ambalo Alhamisi zote hizo hazikumpa, na kaka yake awe wa kwanza kumshika mkono.