Mkebe Ambao Haukuchomwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana huyu mnayemwona amesimama hapa alikuwa wa kuzikwa. Na wewe Halima, uliyekuja ukaketi benchi la mbele kwa ajili yangu, salaam aleikum, rafiki yangu.

Mimi ni Akiru, fundi wa nguo pale mtaani Bulla Pesa. Shule nilifika darasa la nane, lakini ndoto zangu zilipita hapo zikaendelea: siku moja niwe na duka la magauni ya harusi, lenye kioo mbele na jina langu juu. Shida ilikuwa mwili. Nilikuwa mwembamba mpaka wateja wakanipa jina Waya. Mmoja aliniambia, "Fundi, ukisimama karibu na uzi hatukuoni!" Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani, nilijipima kwa tepu yangu ya kazi, nikalia. Nani atanunua gauni la harusi kwa msichana ambaye nguo zinamning'inia kama zimeanikwa?

Ndipo mama mmoja akapita kibandani akiuza mikebe ya unga wa kijani. "Ni mitishamba mitupu, msichana wangu. Asili! Mashavu yatajaa hata usijijue." Juu ya mkebe kulikuwa na picha ya majani. Jina la aliyeutengeneza hakuna. Mahali hakuna. Tarehe ya kuharibika hakuna. Mimi niliona majani tu, na majani nayajua tangu utoto kule Ngaremara, mama akituchemshia tukikohoa. Nikaamini. Nikawa nakoroga kwa uji asubuhi na jioni.

Ndugu zangu, ulifanya kazi! Nilikula kama mtu aliyetoka malishoni. Mashavu yakajaa. Hapa kanisani mlinishika mikono mkisema Mungu amenikumbuka. Mama alipokuja kutoka Ngaremara, alipiga kigelegele akiwa bado mlangoni. Niambieni, ningejuaje kwamba furaha hiyo yote ilikuwa ni ugonjwa?

Tepu ndiyo iliyokataa kunidanganya. Gauni langu nililipanua kiunoni, lakini mikono nikaipunguza. Halima, ambaye cherehani yake iko karibu na yangu, akanitazama. "Wewe Waya, uso umenona, mikono imeenda wapi?" Nikamwambia ana wivu. Lakini hata jora la kitambaa nilikuwa nashindwa kuinua. Nikigongwa kidogo tu, ngozi inabaki na alama nyeusi. Uso ukawa mviringo kama sahani, macho yakamezwa na mashavu.

Jirani akasema nimerogwa. Nikaogopa, nikaacha unga siku hiyo hiyo, na Jumapili nikauleta mkebe kwenye maombi ya kufunguliwa. Mnakumbuka ule moto nyuma ya kanisa, kila mtu akitupa kile kilichomfunga. Niliusogelea nikitetemeka, jasho la baridi linanitoka, tumbo linanikata. Nikainua mkono. Mama Mchungaji akaushika.

"Hiyo ni nini, mwanangu?"

"Ni unga, mama. Ndio umenifunga."

"Nani ameutengeneza?"

"Sijui."

"Basi usichome. Shetani hapimwi hospitali, lakini unga hupimwa."

Kilichofuata sikikumbuki. Ninyi ndio mliniona nikianguka.

Hospitalini, daktari aliuliza nimekuwa nikitumia nini. Mama yangu, kwa kunipenda, akajibu, "Hajatumia dawa yoyote, daktari. Ni majani tu." Hapo Mama Mchungaji akafungua mkoba wake, na katikati ya Biblia na leso akautoa mkebe. Daktari akauangalia, akaangalia uso wangu. Akasema ameshaona nyuso kama huu. Kuna watu wanaosaga dawa kali ya hospitali, aina ya steroidi, wanaichanganya kwenye unga na kuuita mitishamba. Inavimbisha uso na kula misuli. Na mwili ukiizoea, kisha uiache ghafla, unaishiwa nguvu mpaka unaweza kufa. Presha yangu ilikuwa chini kabisa. Akanitundikia dripu, akanidunga dawa ya aina hiyo hiyo, kwa kipimo, ambayo mwili ulikuwa unaililia. Unga ukapelekwa kupimwa, na kweli, steroidi ilikuwamo. Kama mkebe ungekuwa jivu, alisema, wangekuwa wanatafuta malaria huku mimi naondoka.

Haleluya! Mungu alinifungua kwa ule mkono ulioushika wangu, na kwa daktari aliyenipunguzia dawa pole pole, kliniki baada ya kliniki, mpaka mwili ukajisimamia.

Sisemi mitishamba ni mibaya. Mama bado anachemsha majani yake. Mti anaujua, na anachuma mwenyewe. Lakini neno "asili" mtu yeyote anaweza kuliandika kwenye mkebe! Siku hizi nauliza: nani katengeneza, wapi, ndani mna nini, alama ya ubora iko wapi, na je, daktari wangu anajua? Na mama yangu, ndugu zangu, juzi alibeba chupa zake zote za dawa za majani kwa kikapu mpaka kliniki, akazipanga mezani kama anauza nyanya! Nilijivunia mpaka machozi yakanilengalenga.

Mashavu yameenda, mikono imerudi. Gauni hili nimelishona kwa vipimo vyangu vya kweli, sikujaza kitu mahali popote, na bibi harusi mmoja ameliona akaagiza lake. Kioo cha duka kinakuja, mtaona!

Kama una mkebe umeuficha chini ya kitanda, usiuchome, wala usiache kutumia ghafla kwa hofu kabla hujaonwa na daktari. Ulete. Mimi na Mama Mchungaji tutakusindikiza, na Mungu aliyenishika nikiwa hatua moja tu kutoka motoni atatangulia. Mtumaini, hajachoka. Asante Yesu!

Na wewe uliyesema nikisimama karibu na uzi hamnioni, najua uko hapo nyuma, unacheka. Haya, uzi nimekuja nao. Huu hapa, nimesimama karibu nao.

Mnaniona?