Ubao Wenye Fundo

Ndugu waombolezaji, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, wa kike na wa pekee, na wifi yangu, mjane, ameniomba niisome karatasi hii kama ilivyoandikwa na kamati ya familia, ambayo naiona imekaa mbele pale ikinitazama mdomo, kwani inanijua.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Randa, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala ya mjomba, nami nikafuata baada ya miaka miwili, tukakua tukiamshwa na mlio wa msumeno.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, na hapa karatasi inasema mjomba alimchagua arithi ufundi kutokana na kipaji chake, maneno yanayonikwaruza tangu nilipopewa jana, kwa sababu tulishindana wawili. Katika ukoo wetu ufundi hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na haikuwahi kusemwa mpwa wa kiume, nami nilijua kushika randa kabla yake, basi mjomba akampa kila mmoja ubao wa kulainisha, wa kaka ukateleza vizuri, wangu ulikuwa na fundo katikati, randa ikaruka, ubao ukanyofoka, mjomba akacheka akasema hiyo ndiyo mikono ya kike, na nilipolalamika nikaambiwa mchagua jembe si mkulima. Sikuuchagua, nilipewa. Kaka alipopokea wake hakuugeuza hata mara moja kuutazama, yeye aliyekuwa akikagua hata kijiko kabla ya kula, na tangu siku hiyo sikumwamini.

Mimi nilipelekwa kujifunza kushona, yeye akafanya kazi na mjomba hadi mwaka 1981, akarithi karakana, akatengeneza madawati ya shule, milango ya zahanati na vitanda ambavyo wengine hapa mmezaliwa juu yake, na jasho alitoa, hilo silikatai. Alifunga ndoa tarehe 15 Septemba 1984, wakajaliwa wana wawili na binti mmoja, na huyo binti ndiye aliyeitwa na baba yake karakanani kujifunza kwanza, kabla ya kaka zake, mkamsifu baba, lakini mimi nilizidi kutia shaka, maana mtu asiye na neno moyoni haanzi hivyo.

Mwaka jana alianza kuugua mapafu, na wiki moja kabla ya kufariki aliniita kitandani, akamwomba mkewe atupishe, naye akatupisha hadi nyuma ya mlango, nadhani. Akaniambia kwamba mjomba alimwonyesha mapema ubao upi ni wake, kwamba aliujua ule wa fundo akanyamaza, na kwamba aliuficha juu ya kabati la karakana, akawa anaushusha kila alipopata randa mpya, anaujaribu, na hata alipokwisha kuwa fundi wa mafundi, uliendelea kunyofoka palepale. Alifariki hospitalini, Jumanne tarehe 12 Machi 2019.

Kwa hiyo kamati inisamehe, palipoandikwa kwamba alifanikiwa kwa juhudi zake mwenyewe, mimi nasoma kwamba alifanikiwa kwa juhudi zake, kwa kuzaliwa mwanamume, na kwa ubao mzuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, mafundi wenzake, binti yake aliyelitengeneza jeneza hili, na hata wale wanaolia kumshinda mjane, ambao sijajua wanatafuta nini.

Kaka, hata kukiri kwako nakutilia shaka, naona ulingoja hadi siku ambayo nisingeweza tena kugombana nawe, na hilo limeniuma kuliko ubao wenyewe, lakini nimekulilia, na nitakulilia. Nimeushusha kabatini, uko nyumbani kwangu. Wewe pumzika kwa amani, fundo niachie mimi.