Chale za Bibi Sikudhani

GODWIN: Haloo? Nani mwenzangu?

SIKUDHANI: Haloo! Leo umepokea mwenyewe! Kila nikipiga huko ofisini kwenu Dar, msichana wenu ananiambia nisubiri, muziki unalia, vocha inaliwa—

GODWIN: Sema kwa sauti, mtandao unakwaruza. Nani?

SIKUDHANI: Sikudhani wa Chilangala. Ulinipiga picha nikibangua korosho, ukasema ni ya kalenda.

GODWIN: Aaa, bibi! Shikamoo!

SIKUDHANI: Marahaba. Godwin mjukuu wangu, kalenda gani hii ya bati, ndefu kuliko nyumba, hapa stendi ya Newala?

GODWIN: [anacheka] Hilo bango, bibi. Si ndiyo biashara huria? Wewe sasa ni nyota wa Mafuta Nyororo!

SIKUDHANI: Naona nyuso mbili. “Kabla” ni mimi. “Baada” ni nani? Chale zangu ziko wapi?

GODWIN: Tulizifuta kwenye kompyuta. Wateja wanapenda ngozi laini—

SIKUDHANI: Mama mkubwa alinichanja, nikauma kanga nisilie. Wewe umezifuta umekaa kwenye kiti!

GODWIN: Lakini umependeza, bibi.

SIKUDHANI: Nimefanana na yai. Sikiliza. Jumamosi wari wanatoka unyagoni, na kungwi wao ni mimi. Wenzangu wamenikataa. Eti nimejifuta Umakonde kwa mafuta ya dukani, nitawafunda nini watoto wa watu?

GODWIN: Si uwaambie hujapaka.

SIKUDHANI: Nimewaambia. Wananijibu, “Mbona imeandikwa?”

[Mkwaruzo.]

GODWIN: Basi nitaongea na bosi. Labda mwezi ujao—

SIKUDHANI: Wari wanatoka Jumamosi!

GODWIN: Nikutumie katoni ya mafuta, bibi?

SIKUDHANI: Nikaangie mihogo?

GODWIN: Sasa mimi nifanye— mbona kelele hivyo? Uko wapi?

SIKUDHANI: Juu ya ngazi.

GODWIN: Ngazi gani?

SIKUDHANI: Tumeazima kanisani. Fikirini, fundi bati, ameishika huko chini. Mimi nina kopo la lami ya kuzibia mapaa. Na wenzangu wa unyago wote wamekuja kunikagua—

[Sauti kutoka mbali: “Chale ya kushoto imepinda, wewe!”]

SIKUDHANI: Nimesikia, Esha! Shavu lenyewe limepinda!

GODWIN: Bibi, shuka! Hilo bango ni mali ya kampuni!

SIKUDHANI: Bati lenu. Uso je?

[Mtandao unakwaruza.]

SIKUDHANI: Haloo? Umekata?

GODWIN: Nipo.

SIKUDHANI: Chale nimemaliza kuzichora. Sasa naandika: MAFUTA HAYA SIJAPAKA. Darasa la nne langu limenifaa leo.

GODWIN: Usiandike! Bosi atanifukuza kazi, bibi, nakuomba—

[Vigelegele.]

SIKUDHANI: Unasikia? Esha anasema Jumamosi niwahi, wari hawatoki bila mimi. Haya, simu hii ni ya Esha, vocha inakwisha. Mwambie bosi wako aje na kamera. Hii ndiyo “Baada” yen—

[Tuu. Tuu. Tuu.]