Mtu Niliyesema Anakula Bure

Ndugu zangu wa kikundi, mwenyekiti kanipa dakika kumi, na nyie mnaujua mdomo wangu. Kwa hiyo naanzia hukohuko kwenye aibu.

Miaka ile nilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Majengo. Marehemu mume wangu aliniachia ng'ombe, nikauza wote nikainunua. Watoto wanne walikula na kusoma kwa mashine hiyo. Nilimwajiri mwendeshaji mmoja, mtu mzima, mtaratibu, anatoka Litapunga. Jina silitaji. Nilimlipa kila mwezi, mpunga uwepo usiwepo.

Masika yakafika, mpunga ukaisha majumbani. Kila nikipita namkuta kwenye benchi, kitambaa mkononi, anafutafuta. Roho iliniuma jamani! Nikapiga hesabu zangu: kuwasha injini hata mimi naweza, na ikiharibika nitamwita yule fundi wa karibu na stesheni, nimlipe siku hiyo tu. Basi siku moja, wateja wachache waliokuwepo wakisikia, nikamwambia, "Wewe hapa unakula bure."

Alikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya mashine, akapanda baiskeli yake akaenda.

Nawaambia ukweli, miezi ya kwanza nilichekelea. Mshahara wote ulibaki kwangu! Mavuno yakaja. Mkanda ukakatika, nikamwita fundi. Wiki iliyofuata injini ikachemka, nikamwita tena. Kila akija nalipia kuja, nalipia kufungua, na ugali juu. Mwisho beringi ikasagika, akasema nyingine itoke Tabora kwa treni. Na yeye alikuwa na mashine za watu wengine zinamsubiri.

Magunia yalijaa mpaka barabarani. Siku ya tatu akina mama wakaanza kuyafunga kwenye baiskeli, wayapeleke kwingine. Bibi mmoja akaniangalia akasema, "Mwanangu, mashine yako imemfuata mwenyewe, yule wa Litapunga."

Nilikaa kwenye lile benchi nikalia. Niliogopa, ndugu zangu. Wateja wakihama msimu ule, nauza mashine, na watoto wanatoka shule.

Kesho yake nikaenda Litapunga. Nilimkuta anapura maharage na mke wake. Nilijiandaa kutukanwa. Yeye akaniuliza tu, "Mama, kabla haijazima ilikuwa inalia vipi?"

Sikujua. Jamani, sikujua! Mimi nilikuwa nahesabu magunia, hakuna mtu aliyekuwa anaisikiliza. Hapo ndipo nikakielewa kile kitambaa. Kumbe kwenye lile benchi alikuwa anakaza, anapaka grisi, anasikiliza. Mshahara wake niliujua mpaka senti ya mwisho. Ubovu aliouzuia sikuwahi kuuona, ningeuhesabu vipi?

Akakubali kurudi, ila akasema, "Ulinisema mbele ya wateja. Uniombe radhi mbele ya wateja." Mke wake naye akadakia: masika, mumewe apewe siku mbili kila wiki za kulima. Yule mama anajua kupatana kuliko mimi!

Tukarudi Majengo, nikaomba radhi palepale kwenye magunia. Beringi ilipofika aliifunga mwenyewe. Mpaka mavuno yanaisha mashine haikusimama tena, na hakuna mtoto wangu aliyetoka shule.

Sisemi kila kazi uajiri mtu. Wabeba magunia nawalipa kwa gunia mpaka leo. Yule fundi wa stesheni namwita injini ikitaka kufunguliwa yote, na kazi yake ni nzuri, sina ugomvi naye. Ila kabla hujamwambia mtu anakula bure, jiulize kitu gani hakiharibiki kwa sababu yeye yupo.

Asanteni kikundi, mlinikopesha ya beringi bila kunicheka. Haya, mlicheka kidogo. Asante bibi yangu wa magunia. Na wewe uliyekaa karibu na mlango, unayejifanya unaangalia kofia yako: siku ile nilipokusema wateja walikuwa saba tu. Leo tumejaa mpaka nje. Basi wasikie wote: hukula bure hata siku moja.