Majani ambayo Mama Sidonie alikataa kuyazika

Tarehe 30 mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na mbili ya kazi, Mama Sidonie Baharanyi anatundika koti lake jeupe kwenye musumari wa labo yetu ya kupima dawa hapa Goma. Mimi Birindwa, shofere wake, nimepewa kuandika maneno haya ya kumuaga kwa sababu wengine hawajui kusimulia. Shule niliachia darasa la sita, primaire, lakini macho yangu yana diploma.

Mwaka volkano ilipotufukuza, Mama alibeba mikroskopi kichwani mpaka Sake bila kuishika kwa mukono. Wengine wanasema ilikuwa ndani ya gari langu. Wamesahau.

Lakini vita yake kubwa ni ya mwaka huu: muravumba, ule muti wa kikohozi ambao kila mama wa Rutshuru anao nyuma ya nyumba. Labo ilitaka kujua kama unaua mikrobe kweli. Majani niliyaleta mimi kutoka muji wa Kiwanja, kule Rutshuru, na mbio zangu hata pikipiki zilinipisha. Nilipofika, kwa akili yangu nyingi, nikayatandaza juu ya mawe meusi ya volkano, jua kali, yakauke upesi. Saa sita yalikuwa makavu kama karatasi.

Kipimo kikatoka bure. Mikrobe zilistawi utadhani zimelishwa fufu. Mukubwa wetu akasema hizo ni hadithi za wazee wa kijijini, tuandike kwamba muravumba ni majani matupu, Mama atie sahihi, aende kupumzika. Zilibaki wiki tatu tu amalize kazi.

Mama akaingiza pua ndani ya mufuko. Akaniuliza, Papa Birindwa, haya uliyakaushia wapi? Nikamueleza kwa sifa zote. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akaenda kumuambia mukubwa kwamba yeye haziki mutu ambaye hajafa: majani yameungua kabla ya kupimwa, na dawa imeondoka pamoja na harufu. Akatishiwa barua ya adabu. Akajibu barua ije, itamukuta kazini.

Tulirudi Kiwanja. Mama Dorine, muuza miti ya dawa sokoni, akatuonyesha: muravumba unakauka kivulini, juu ya mukeka, siku sita, jua lisiuone. Tukapima upya. Safari hii, pale dawa ilipowekwa, mikrobe zilikufa, likabaki duara safi. Mimi nasema lilikuwa pana kama sinia ya harusi. Mama ananilazimisha niandike milimita kumi na saba, tena niandike kwamba hiyo ni kwenye kioo cha kupimia, bado si ndani ya mutu, na anayeuza muravumba kama dawa ya kila kitu ni muongo.

Mukubwa akaomba kipimo cha kwanza kifutwe. Hapo pia Mama akakataa. Kimebaki kwenye rejista, na chini yake sababu: majani yalikaushwa na shofere juu ya mawe. Basi na mimi nimeingia katika sayansi. Ndipo akatia sahihi yake.

Asante, Mama Sidonie. Pumziko lako lipite kivulini, polepole, na harufu yake yote. Mawe ya jua utuachie sisi. Na akija mutu kutuambia tutie sahihi kwenye uongo, tutanusa mufuko kwanza.